Nilivyoufunga Mvuke Kwenye Kopo la Bibi

Naanza na kosa lenyewe usije ukadhani najificha: nililichemsha kopo la samli la marehemu Bibi, nikalifunga kifuniko, nikalizamisha kwenye maji baridi, na lilipojikunja kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, nikalirudisha jikoni likiwa bado limefungwa na kuzungusha kitufe cha jiko hadi mwisho. Nilikuwa na miaka tisa. Mwenye akili timamu angeishia hatua ya kwanza. Mwenye akili nusu angeishia ya tatu.

Yalinirudia wiki iliyopita, darasani. Mwalimu wetu wa fizikia, mtu mwenye furaha isiyojulikana chanzo chake, alichemsha maji kidogo kwenye kopo la soda, akaligeuza ghafla kwenye beseni la barafu, kopo likasema paf, na darasa zima likaguna kama limeona jini. Mimi nikapiga miayo. Akaniuliza kama ananichosha.

"Hapana, mwalimu. Nimeona kubwa zaidi."

"Wapi?"

"Jikoni kwetu."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana hiyo ndiyo kazi yangu pale darasani. Lakini pua yangu haikucheka. Pua yangu ilinusa samli. Kopo lile lilikuwa la soda ya machungwa, ila pua haijasoma fizikia.

Basi sikiliza. Tulikuwa tunakaa Flemingdon, mtaa wa Toronto, ghorofa ya kumi na moja, kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku inayojisikia. Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mdogo wangu Zuhura mwenye miaka mitano, na mimi. Baba alikuwa bado Tanga anasubiri karatasi zake za uhamiaji, na Mama alikuwa Toronto anasubiri zake. Kwetu karatasi zilikuwa kama mvua: watu wazima waliziongelea kila siku na hazikuja. Na kwa sababu ya karatasi hizo, Bibi alipofariki kule Lushoto, Mama hakwenda kumzika. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi. Alikaa sebuleni na simu sikioni, akasikiliza mazishi ya mama yake kwenye spika, sauti ikikatika kila gari lilipopita kule.

Miezi michache baadaye mama mdogo alikuja kutoka Lushoto na kopo. Lilikuwa kopo la bati la mafuta ya kula, la pembe nne, mdomo mdogo, kifuniko cha kuzungusha. Bibi alikuwa na ng'ombe wawili, na kabla hajaugua alikuwa ametengeneza samli, akaigawa kidogo kidogo kwenye makopo, moja kwa kila binti. Yasichanganyike, alikwangua jina la kila mmoja ubavuni kwa msumari. La Mama liliandikwa MWANAIDI, herufi kubwa, ile N imeangalia nyuma. Mama mdogo alilivusha uwanja wa ndege likiwa limeviringwa kwenye khanga mbili, na alipoulizwa ni nini akasema ni mafuta ya kupaka. Hakudanganya. Ukitaka kuipaka, nani atakukataza?

Mama hakuipikia. Siku ya Idi aliliweka kopo kwenye beseni la maji ya moto, samli ikalainika, akamimina kijiko kimoja juu ya wali, akafunga. Siku nyingine zote lilikaa juu ya kabati. Ila kila Ijumaa, baada ya sala, alilishusha, akafungua kifuniko, akaweka pua pale mdomoni, akafumba macho, akakaa hivyo. Kisha akafunga tena, kwa nguvu, na kulirudisha.

Leo najua alikuwa anamtembelea mama yake. Wakati ule nilikuwa na maelezo yangu ya kitaalamu: anakagua kama imeharibika. Kwa nini tena mtu anuse chakula asikile? Nilimhurumia. Nikaona kuna kopo zuri kabisa, limeshikwa mateka na vijiko vitatu vya samli vinavyokaribia kuoza.

Halafu shuleni tukapewa kazi ya uvumbuzi. Kila mtoto achague kitu kilichobadilisha dunia, aje Jumatatu akieleze. Wengi walichagua simu, mmoja akachagua piza. Mimi nikachagua injini ya mvuke, kwa sababu kitabu cha maktaba kilikuwa na picha ya mtambo mkubwa kama nyumba, na mbele yake mtu mwenye kofia anayejidai kana kwamba ameuzaa. Maelezo sikuyasoma. Maelezo yalikuwa na maneno.

Na nilidhani sihitaji, kwa sababu mvuke nilikuwa naujua. Kila nilipopata mafua, Mama alinifukiza: sufuria ya maji yanayochemka, majani ya mkaratusi, blanketi kichwani. "Usifunue," anasema, "utautorosha." Ndani mle kuna giza, jasho, kamasi, unaomba dunia iishe. Ukijaribu kuchungulia, mkono wa Mama unakuja kutoka nje na kubana blanketi. Kwa hiyo elimu yangu ya mvuke ilikuwa hivi: mvuke una nguvu ya kufukuza ugonjwa, unapenda kutoroka, na ukiufunika vizuri unakaa. Mvuke ni kitu cha kufugwa.

Mpango ukaja wenyewe. Nitauchemsha mvuke ndani ya kopo lenye kifuniko kizuri, nitaufunga, nitauweka kwenye begi, nitaupeleka shule. Jumatatu nitafungua mbele ya darasa, utoke na nguvu zake zote uzungushe feni ya karatasi. Mtoto wa piza atajuta kuzaliwa.

Jumamosi Mama alikwenda kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kama kawaida akatuachia maagizo mlangoni. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwa jirani yetu wa mlango wa ng'ambo ya korido, Anko Basili, Mgoa mstaafu aliyezaliwa Nairobi na kufanya kazi karakana ya reli huko hadi alipohamia Kanada. Aliongea Kiswahili cha Kenya, cha karakana, alichovaa kama kaptula.

Mlango ulipofungwa, nikampa Zuhura biskuti nne za kunyamaza. Nikapanda kiti, nikashusha kopo. Nikaliweka kwenye maji ya moto kama Mama anavyofanya, nikamimina samli kwenye kikombe. Ndani ikabaki ile inayoganda kwenye kona, nikaona si kitu. Nikatia maji nusu kikombe, nikaweka kopo jikoni, kifuniko wazi, nikasubiri.

Kwanza lilinong'ona. Halafu likaanza kugonga chini kama kuna mtu mdogo ndani anaomba atolewe. Halafu mvuke ukatoka mdomoni, mweupe, mwingi, na ulikuwa na harufu. Nyumba nzima ikawa maziwa, moshi wa kuni, majani mabichi, kitu chenye utamu kinachokaribia kuungua. Mimi Lushoto nilikuwa siijui, nilitoka Tanzania nina miaka minne, Zuhura akiwa mgongoni, lakini nakwambia nilisimama katikati ya jiko lile mwili ukinisisimka kama nimeitwa jina.

Zuhura akasema kwa Kiingereza, lugha yake ya malalamiko, kwamba kuna harufu ya ng'ombe.

"Ni harufu ya sayansi," nikamwambia. "Kula biskuti."

Mvuke ulipokuwa mwingi kabisa nikashika kopo kwa taulo, nikalitoa jikoni, nikafunga kifuniko hadi mkono ukauma. Nimeukamata. Nilisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia tena, na niko darasa la kumi na moja sasa. Tatizo moja tu: kopo la moto haliingii kwenye begi. Kwa hiyo nikafanya ambacho kila mtu angefanya. Nikajaza sinki maji ya baridi, nikalizamisha.

Halikulia paf. Kopo la lita nne halina utani huo. Lilisema *kroooko*, polepole, kama mzee anayekaa chini, na mbele ya macho yangu likaanza kujimeza. Ubavu mmoja ukaingia ndani. Wa pili ukafuata. Kona zikabanana, na jina la Mama likajikunja hata ikabaki MW na DI, katikati hamna kitu. Hakuna aliyeligusa. Mikono yangu ilikuwa hewani.

Zuhura akaacha kutafuna. "Nani amelipiga?"

Hofu ilinijia na wazo. Samli bado ipo kwenye kikombe, nikajipa moyo, kopo tu ndilo lenye shida. Nikageuka kukiangalia kikombe. Zuhura alikuwa ameshaipaka kwenye biskuti. Zote nne. Kikombe kilikuwa kinang'aa kama kimeoshwa.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ya ajabu kuliko zote. Mvuke umekasirika kwa kuwekwa baridi, ukajikunyata. Nikiupasha moto tena, utajinyoosha na kopo lake. Nikalirudisha jikoni, limefungwa hivyohivyo, moto wa mwisho. Na kitu cha kutisha ni kwamba ilifanya kazi. Baada ya dakika chache ubavu mmoja ukaruka nje, *to*. Kisha wa pili, *to*. A moja ya jina ikarudi. Niliruka juu kwa furaha. Nikamwita Zuhura aje aone.

Zuhura hakuwepo. Biskuti alikuwa ameshazila, na mkataba wa kunyamaza uliishia hapo. Alikuwa amevuka korido.

Anko Basili aliingia na kandambili na fulana, mara ya kwanza kumwona bila shati. Alitazama kopo, akatazama kifuniko, na uso wake ukabadilika. Hakupiga kelele. Alizima jiko, akafungua mlango wa roshani, baridi ya Februari ikaingia, akanishika ukosi wa shati, akamshika Zuhura mkono, akatutoa wote kwenye korido, akavuta mlango.

"Hakuna mtu anarudi ndani," akasema. "Hakuna mtu mpaka niseme."

"Anko, linanyooka."

"Inanyooka, ndiyo. Halafu?"

"Halafu litakuwa kama zamani."

"Halafu?"

Sikuwa nimefika kwenye halafu.

"Sikiza kijana. Mimi, miaka yote ile karakana, nilikuwa karani wa stoo. Injini sikuendesha, spana sikushika. Lakini kila kipande ya gari moshi ilipita kwa dirisha yangu. Unajua kipande gani hawakukubali kukosa hata siku moja? Valvu ya usalama. Mvuke akizidi, inafunguka, anatoka, watu wanaenda nyumbani kula. Sasa injini bila valvu unajua inaitwa nini?"

"Hapana."

"Bomu. Mama yako angekuja kukuta ukuta, lakini wewe hapana."

Kisha nyuma ya mlango tukasikia *kroooko*, ndefu kuliko ya kwanza. Nikajua bila kuona. Kopo lilikuwa limepoa kwa upepo wa roshani, likajimeza tena.

Sasa nikaanza kulia, na sikulilia bomu. "Mama atajua," nikasema. "Jina lake limepotea. Bibi aliliandika."

Anko Basili hakujua habari ya Bibi. Nikamwambia yote pale kwenye zulia la korido, karatasi, simu ya mazishi, maji baridi ya sinki, kunusa kwa Ijumaa, na nilipokuwa naeleza kunusa, nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema kitu ambacho kichwa kilikuwa hakijakielewa. Mama hakuwa anakagua uozo.

Anko akakaa chini, magoti yakilia. "Sawa," akasema. "Kwanza tujue nani amepiga hii kopo. Nani?"

"Mvuke."

"Mvuke amekufa. Ulimpa maji baridi, amekuwa tone. Chumba nzima ya mvuke, kijiko moja ya maji. Alipoingia alifukuza hewa yote, alipokufa hakuacha kitu. Ndani tupu kabisa. Sasa hewa ya nje, hii unavuta, inasukuma kila kitu, kila siku, pande zote. Wewe pia inasukuma, lakini ndani yako iko hewa inasukuma kurudi. Kopo haikuwa na mtu ndani."

"Hewa haina nguvu, Anko."

"Kopo inasema nini?"

Na pale, machozi hayajakauka, nikasisimka. Naapa. Aliuchora mtambo kwa kidole juu ya zulia. Zamani, akasema, migodi ya Waingereza ilijaa maji, na farasi ndio waliovuta pampu.

"Farasi walichoka?" Zuhura akauliza.

"Sana. Sasa kulikuwa na Mfaransa mmoja, mkimbizi kama sisi, alikuwa na chungu ya kupikia mifupa, kifuniko imebanwa, na valvu juu. Huyo aliona chungu ikipoa, kifuniko inavutwa chini. Baadaye akaja fundi wa vyuma, mtu wa kawaida, wakubwa hawakumjua. Akatengeneza silinda kubwa, juu wazi, ndani pistoni. Pistoni imefungwa kwa boriti kama ile bembea ya ubao iko nyuma ya jengo. Upande huu pistoni, upande ule pampu. Mvuke anajaza silinda. Anajaza tu, hana kazi ingine. Halafu unanyunyiza maji baridi ndani, mvuke anakufa, hewa inakanyaga pistoni chini, upande ule pampu inapanda na maji. Tena. Tena. Polepole kama mimi na ngazi lifti ikiharibika."

"Alijuaje kunyunyiza ndani?"

"Hakujua. Wanasema mwanzo alikuwa anapoza kwa nje, kama wewe na sinki. Siku moja chuma ikawa na tundu, maji baridi ikaingia ndani kwa bahati mbaya, pistoni ikashuka kwa nguvu ikavunja vitu. Watu wote wakakimbia. Yeye akarudi kuangalia." Akanitazama juu ya miwani. "Halafu Mskoti mmoja akaona hii ni ujinga, silinda moja unaipasha, unaipoza, unaipasha, moto yote inaishia kwa chuma. Akaweka chumba ya pembeni ya kupoza mvuke. Moto ikae moto, baridi ikae baridi. Hiyo tu. Dunia ikabadilika."

Nilikuwa nimesahau kulia. Nilikuwa naona: kopo la Bibi ni silinda, sinki ni ile mvua ya ndani, na ngumi iliyopiga ilikuwa hewa ya ghorofa ya kumi na moja, iliyokuwepo siku zote, imekaa kimya juu ya kabati, juu ya kitanda, juu ya kichwa changu. Nikauliza swali la kwanza la kweli maishani mwangu.

"Kama hewa ya nje ndiyo imelikunja, tukiweka hewa ndani?"

Anko Basili akasimama, magoti yakalia tena, akaenda kwake. Alirudi amevaa shati, amebeba pampu ya baiskeli.

Kopo lilikuwa limepoa. Tukalifungua, likavuta pumzi, *fyuu*, ndefu. Anko alikata kidole cha glavu ya kuoshea vyombo, akakizungusha kwenye mpira wa pampu, akaubana kwenye mdomo wa kopo kwa mikono miwili. Mlango wa korido aliuacha wazi, ameuzuia na kandambili, tupate njia ya kukimbia. Zuhura akapewa kazi ya kusimama mbali. Mimi nikapewa pampu.

"Polepole. Nikisema basi, basi."

Nikapampu. Hakuna kitu. Nikapampu. Upepo wa roshani ulikuwa unazunguka chumbani ukibeba ile harufu, maana ilikuwa imeshika kila kitu, pazia, sofa, nywele zetu, nayo ikitoka mlangoni kuelekea kwenye lifti. Nikapampu. *To.* Ubavu mmoja. "Endelea," akasema Anko, jasho likimtoka. "Miaka yote nimeandika pampu kwa karatasi, leo ndiyo naona inafanya kazi." *To. To.* A zote mbili zikatoka. Ile N inayoangalia nyuma ikatoka, ikiwa na mkunjo katikati kama paji la uso. Nilikuwa nacheka peke yangu. Ilibaki kona moja imebonyea, I ya katikati imezama.

"Kidogo tena, Anko."

"Basi. Mafundi wengi walikufa na hiyo neno, kidogo tena."

Tuliliweka katikati ya sakafu, sote watatu tumepiga magoti, tunalitazama. Lilikuwa kopo. Lilikuwa limezeeka miaka hamsini kwa saa mbili, lakini lilisomeka. Na lilikuwa tupu. Hapo ndipo furaha iliponiishia, kwa sababu niliinama kunusa mdomoni, kama yeye, na ndani hamkuwa na kitu ila bati na maji. Harufu yote ilikuwa nje. Nilikuwa nimemwaga Ijumaa zote za Mama kwa mchana mmoja.

Lifti ikalia kwenye korido. Nilizijua hatua za Mama. Zilikuja haraka, viatu vya kazini, kisha kabla hazijafika mlangoni zikasimama. Anko Basili akaanza kujiinua, akisema, "Mama Zuhura, usijali, watoto wako wazima."

Mama akatokea mlangoni. Bado ana koti, skafu imefunikwa theluji kidogo, mifuko ya sokoni mikononi. Aliliona kopo. Nilimwona akiliona, nikaona macho yake yakisoma jina lake herufi kwa herufi hadi kwenye ile iliyozama. Mifuko ikashuka chini taratibu. Akafumba macho, palepale juu ya kandambili ya Anko, akavuta pumzi, na kifua chake kikapanda, kikapanda, kana kwamba hakina mwisho.

Nikasema, "Mama, naweza kueleza."

Hakufumbua macho. Akasema:

"Fungeni milango, harufu inatoka. Na wewe usisogee hapo, nitakushughulikia nikimaliza kunusa."